Darubini za Klabu: Tununue Zipi?



Nimeombwa niseme juu ya jambo linaloonekana dogo. Chama chetu kimekubali kuinunulia klabu ya wanafunzi darubini za kutazamia ndege, na fedha zimekwisha changwa. Wapo wanaotaka tununue ishirini za bei ya chini ili kila kijana apate yake. Nami nawaombeni tununue nne zilizo nzuri.

Tukumbuke kwanza tunataka kutazama nini. Nyuma ya mabweni haya ipo Milima ya Uluguru. Katika misitu yake anaishi chozi wa Loveridge, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anyonyaye mbochi wa maua, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Wageni hutoka Ulaya kuja kumwona, na kijana wa hapa Morogoro aweza kumaliza kidato cha sita asimjue. Chozi hatulii. Huruka ua hadi ua, tena ndani ya kivuli. Darubini itakayomfaa haihitaji nguvu nyingi, ila mwanga wa kutosha na upana wa kuona.

Kila darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza yasema kitu kinakuzwa mara ngapi: ndege aliye meta 80 utamwona kana kwamba yuko meta 10. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimeta, na hicho ndicho mlango wa mwanga. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5 na robo. Hizo ni milimeta za duara la mwanga linalofika kwenye jicho. Ukichukua ile ndogo ya 10x25, unapata 2 na nusu tu. Kwenye jua la mchana hutaona tofauti kubwa, maana mboni nayo husinyaa. Lakini alfajiri chini ya miti mboni imefunguka, nayo yadai mwanga ambao darubini ile haina.

Muuzaji wa barabarani atawaambia, "Hii inavuta mara thelathini!" Hata ingekuwa kweli, isingetufaa: hukuza pia mtetemeko wa mkono, na upana wa kuona hupungua mno hata ndege huwezi kumpata. Darubini nzuri ya mara 8 huonyesha kama meta 130 za upana kwa umbali wa meta 1,000. Na mara nyingi ile thelathini ni uongo. Vijana wa fizikia, pimeni wenyewe. Ielekezeni darubini ukutani penye mwanga, ishikeni mbali na uso, mtaona duara jeupe kwenye kioo cha nyuma. Lipimeni kwa rula, kisha gawanyeni upana wa kioo cha mbele kwa upana wa duara hilo. Kioo kikiwa milimeta 21 na duara 2 na nusu, basi inakuza mara 8 tu, hata boksi liseme nini. Duara likiwa limekatwa pembeni badala ya kuviringika vizuri, prizimu zake ni za kioo hafifu. Ziacheni pia zenye vioo vyekundu kama tochi ya breki. Wekundu ule ni mwanga unaorudishwa nje.

Zile zenye mabega, za muundo wa Mwitaliano Ignazio Porro wa mwaka 1854, kwa bei ileile mara nyingi huonyesha vizuri kuliko zilizonyooka. Hata hivyo nachagua iliyonyooka, 8x42, iliyozibwa maji yasiingie na kujazwa naitrojeni, kwa sababu ya mvua zetu. Unyevu ukiingia, ukungu huota ndani ya vioo, na fundi wa kuusafisha ni adimu. Wanaovaa miwani waangalie kama wanaona duara zima bila kuivua.

Sisemi tununue za Swarovski au Leica. Bei yake yaweza kuwa mara kumi ya darubini nzuri ya wastani, na faida haizidi mara kumi. Lakini kutoka ile ya kuchezea mpaka ya wastani, tofauti ni ya kuona na kutoona. Ya kuchezea ikianguka mara moja, mirija yake hupishana, kijana huona ndege wawili na kichwa kikamuuma. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Najua jinsi zabuni ya chini inavyopendeza kwenye karatasi, na stoo inavyojaa baadaye.

Mtauliza, vijana ishirini kwa darubini nne? Wagawane watano watano: mmoja atazame, mmoja asikilize mlio, mmoja aandike, wengine wafungue kitabu cha Stevenson na Fanshawe, ambacho naomba nacho kinunuliwe katika fedha hizohizo. Kisha wapokezane. Na asiwepo wa kuielekeza kwenye jua, hata kwa mzaha. Jicho halina spea.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kamati isilipe kabla boksi halijafunguliwa hapa shuleni, na vijana wa kidato cha tatu wakazipima kwa rula, moja baada ya moja.