Dawa ya Kuongeza Maziwa Iko Kwenye Dumu



Juma lililopita, hata waadhini hawajaanza kazi yao, mlango wangu uligongwa kwa kishindo. Sisi tunaoishi pembezoni mwa jiji, huku Chamazi, Temeke, mlango ukigongwa saa kumi alfajiri mtu hutafuta panga kwanza, ndipo aulize ni nani. Nilipochungulia dirishani nikamwona jirani yangu, mwalimu mstaafu, amejifunga kikoi na kuvaa kandambili za mkewe. "Mwanangu," akasema, "niazime gari, na wewe mwenyewe uliendeshe. Ng'ombe wangu anakufa."

Ng'ombe huyo namfahamu. Ni chotara wa Friesian, alinunuliwa akiwa mtamba kwa fedha za kiinua mgongo, na tangu siku hiyo yeye ndiye mwajiri wa nyumba ile. Ada ya mjukuu hutoka kwake, luku hutoka kwake, hata mchango wa harusi hutoka kwake. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuwa amezaa ndama jike, wa nne, mzima kabisa. Sasa alikuwa chini, shingo ameipindia ubavuni kama kuku aliyelala, masikio ya baridi, macho yamefifia.

Tukamfuata daktari wa mifugo, tukamkuta, tukarudi naye kabla jua halijachomoza. Alimtazama ng'ombe kwa dakika mbili tu, akatundika chupa ya kalsiamu na kuanza kuipitisha kwenye mshipa wa shingo, polepole sana, huku mkono mmoja ukisikiliza moyo, maana ikiingia kwa pupa dawa hiyo hiyo inaweza kuusimamisha moyo. Chupa ilipokaribia kwisha ng'ombe akacheua, akatetemeka mwili mzima, akanya, akasimama. Mke wa mwalimu alikuwa ameshika kanga mdomoni muda wote huo. Ugonjwa wenyewe unaitwa homa ya maziwa, ingawa homa haimo. Mwili wa ng'ombe hupoa badala ya kuchemka.

Sasa, ndugu msikilizaji, sikiliza kilichofuata. Daktari akauliza, "Mzee, katika miezi hii miwili ya mapumziko, kabla hajazaa, ulikuwa unampa nini?" Mwalimu akaingia ndani, akatoka na katoni. Ilikuwa imejaa. Mlikuwemo chupa mbili za sirapu ya vitamini, chupa ya vitamini ya sindano, makopo matatu ya unga wa kalsiamu, pakiti za unga fulani ulioandikwa kwamba huongeza maziwa, na pakiti moja ambayo, tulipoisoma vizuri kwa tochi, ilikuwa ya kuku wa mayai. Vyote alivinunua kwa ushauri wa vijana wa madukani. Pale pale nikafanya hesabu, kwa njia nitakayoieleza, nikakuta katoni ile imekula lita 140 za maziwa.

Lakini kilichomvunja moyo mwalimu ni yale makopo matatu. Aliyanunua akiamini kwamba anamwandaa ng'ombe. Daktari akamweleza kwamba ng'ombe anayepewa kalsiamu nyingi akiwa amepumzishwa, mwili wake huzoea kupewa na kusahau namna ya kuchota akiba iliyomo mifupani. Siku ya kuzaa, dang'a linapoanza kujaa kiwele, madini hayo hutakiwa kwa wingi na kwa ghafla. Chakula hakitoshi, mifupa haijaamka, ng'ombe anaanguka. Aghalabu ni ng'ombe wa maziwa mengi aliyekwisha kuzaa mara tatu au nne. Kwa hiyo fedha zile hazikupotea bure tu. Zilisaidia kumwangusha mnyama. Wakati wa kuongeza kalsiamu ni anapozaa na baada ya hapo, siyo miezi miwili kabla.

Mimi si daktari. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari. Lakini nimekulia nyuma ya ng'ombe. Mwaka 1995 mama yangu alipunguzwa kazi katika shirika moja la umma, kama walivyopunguzwa wazazi wengi wa miaka ile, akanunua ng'ombe mmoja na kumjengea banda nyuma ya nyumba yetu kule Kimara. Kiwanda cha maziwa cha Ubungo, kile kilichotuachia jina la kituo cha Ubungo Maziwa, kilikuwa tayari kinachechemea, na mji ulikuwa na kiu ya maziwa. Mimi na kaka yangu tuliyasambaza kwa baiskeli kabla ya kengele ya shule. Mama alikuwa na daftari la mistari. Upande mmoja aliandika lita za asubuhi na jioni, upande wa pili aliandika matumizi, nayo pia kwa lita. Gunia la pumba lita kadhaa, dawa ya kupe lita kadhaa. Shilingi hubadilika thamani, alikuwa akisema, lakini lita ni lita. Akitaka kununua kitu kipya alijiuliza: kitanirudishia lita ngapi, na kwa siku ngapi? Kama baada ya wiki mbili daftari halionyeshi mabadiliko, kitu hicho hakikurudi tena nyumbani kwetu.

Hebu basi tulitumie daftari hilo leo.

Kitu chenye faida kuliko vyote, na ambacho hakuna duka linalokisifu, ni maji. Maziwa karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku, katika joto hili letu la Dar es Salaam, anahitaji lita 60 hadi 80 za kunywa, yaani madumu matatu au manne ya lita ishirini. Sasa nenda kwenye mabanda yetu, Mbagala, Chanika, Goba, Bunju. Utakuta ndoo moja asubuhi na moja jioni, kwa sababu maji ya kisima yananunuliwa na kijana wa mkokoteni amechelewa. Mwenye ng'ombe anaona uchungu kununua dumu la tatu, halafu anakwenda dukani kununua chupa ya kuongeza maziwa yenye bei ya madumu thelathini! Huyo ng'ombe hata umpe nini, hawezi kukukamulia maji ambayo hakuyanywa. Msikilizaji mwenye ng'ombe, jaribu wiki moja tu: weka maji mbele yake mchana na usiku, safi, kwenye kivuli, kisha uangalie kipimo chako cha asubuhi. Na kivuli chenyewe ni dawa. Bati lililopigiliwa karibu na mgongo wa ng'ombe ni tanuri. Makuti, ambayo sisi watu wa pwani tumeanza kuyaonea haya, yanamfaa zaidi.

Baada ya maji ni majani. Matete yakikatwa yakiwa kimo cha kiunoni ni chakula. Yakiachwa yakapita kichwa cha mtu ni fito za kujengea. Wale vijana wanaoleta majani kwa baiskeli huuza kwa mzigo, na mzigo wa fito hupendeza macho kwa ukubwa. Vunja bua moja mbele yake. Likilia kama kuni, mwambie akakate mengine.

Nije kwenye pumba, maana hapo ndipo wizi ulipo. Pumba za mahindi safi ni chakula kizuri, lakini siku hizi zinachanganywa na maganda ya mpunga yaliyosagwa, na wakati mwingine mchanga. Usinunue gunia kabla hujatia konzi moja kwenye glasi ya maji. Koroga, subiri kidogo. Mchanga utatua chini, maganda yataelea juu, na wewe utajua unauziwa nini. Muuzaji akikasirika ukifanya hivyo, amekwisha kujibu. Mchanganyiko ambao mabwana mifugo wetu wamekuwa wakiufundisha ni wa kawaida kabisa: katika kilo 100, pumba kilo 70, mashudu ya alizeti au ya pamba kilo 27, madini kilo 2 na chumvi kilo 1. Kwa ng'ombe anayekamuliwa, nyumba nyingi hukadiria kilo moja kwa kila lita mbili zinazozidi zile ambazo majani peke yake yangemwezesha kutoa. Wanaoweza kupata machicha ya kiwanda cha bia cha Ilala wana bahati, ila machicha katika joto hili hayafikishi siku nyingi kabla ya kuoza, hivyo usishawishike na bei ya lori zima kama una ng'ombe mmoja.

Mashudu yenye ukungu yasiingie bandani hata ukipewa bure. Ukungu huweza kuleta sumukuvu, na sumu hiyo hupita kwenye maziwa. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Asiyefuga, anayesubiri chai yake ya maziwa asubuhi, ajue kwamba habari hii inamhusu yeye pia.

Katika vile vya dukani, kipo kimoja ambacho daftari la mama lilikikubali bila ubishi, nacho ni jiwe la kulamba, au unga wa madini. Lakini usome. Chumvi tupu iliyogandamizwa ikapakwa rangi nyekundu si madini, ni chumvi. Tafuta lililoandikwa kwamba lina fosforasi pamoja na kalsiamu na madini mengine madogo madogo. Ng'ombe anayetafuna mifupa, kamba, au udongo wa ukuta anakuomba fosforasi kwa lugha yake. Anayepumzishwa apewe madini yake ya kawaida, ila yale makopo ya kalsiamu tupu mwachie muuzaji.

Kisha dawa ya kupe. Hapa usibane hata senti, maana ndigana kali huua ng'ombe wa kisasa kwa siku chache, na tiba yake ni ghali mno ukilinganisha na kinga. Cha ajabu ni kwamba wengi wetu tunanunua dawa nzuri kisha tunaichanganya kwa kukisia, kifuniko kimoja kwenye ndoo, ili chupa idumu. Dawa iliyozimuliwa haiui kupe, inamfundisha kuishi nayo. Vivyo hivyo dawa ya minyoo: hupimwa kwa uzito wa mnyama, na upo utepe wa kuzungushia kifuani unaokadiria uzito huo. Bei ya utepe ni ndogo, tena unaweza kununuliwa na mtaa mzima kwa pamoja.

Sindano za vitamini? Zina kazi yake kwa mnyama aliyeugua, daktari akisema. Kwa ng'ombe mzima anayekula majani mabichi kila siku, mimi sioni atakachozidishiwa. Na zile pakiti za kuongeza maziwa, ukizisoma kwa utulivu, nyingi ni vitamini, sukari na chumvi chumvi zilizovalishwa picha ya ng'ombe wa Ulaya mwenye kiwele kama puto.

Siwalaumu sana vijana wa madukani. Anayelipwa kwa mauzo atauza. Lakini dawa isiyo na namba ya usajili wa TMDA, isiyo na tarehe ya kuisha muda, au iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, iache hapo hapo. Chupa zilizopangwa dirishani zikipigwa jua la saa nane, nazo ziache. Mnyama akiugua bila kueleweka, muulize bwana mifugo wa kata juu ya kupeleka sampuli maabara. Sisi wa Temeke ndio hatuna udhuru kabisa, maana Wakala wa Maabara ya Veterinari ya taifa iko hapa hapa wilayani kwetu.

Na jambo moja zito, ambalo nalisema kwa wafugaji wenzangu bila kuuma maneno. Ukimchoma ng'ombe sindano ya viuavijasumu, kwenye chupa imeandikwa siku ngapi maziwa yake yasiuzwe. Lita zile zimwage. Najua zinauma. Nimeona mama yangu akizimwaga kwenye shimo la taka siku tano mfululizo, nasi tukanywa chai ya rangi, na wateja akawaambia ng'ombe anaumwa. Hakupoteza mteja hata mmoja.

Jana jioni nilipita kwa mwalimu. Ng'ombe anasimama vizuri, na asubuhi hiyo alikuwa ametoa lita 7, za jioni zilikuwa bado. Kando ya banda palikuwa na pipa jipya la maji, la mkopo, analilipa kwa maziwa. Nikamuuliza ile katoni iko wapi. Akacheka, akanionyesha jikoni. Mkewe ameitoa chupa zote, akatia maranda ndani, na tetea mmoja mwekundu ameatamia mayai kumi na moja.