Kaseti ya Sokoni

Sisi wa Manyatta, huku Embu, Kikuyu twakisikia vizuri, na nyimbo za Joseph Kamaru zilitufikia mapema, kwanza kwa santuri, kisha kwa kaseti. Mzaliwa huyo wa Kangema, wa mwaka 1939, alikuwa na biashara yake mwenyewe ya muziki jijini Nairobi, City Sounds.

Baadaye wakaja wanakilishaji. Mwizi wa nyimbo hahitaji studio wala wapiga gitaa. Mashine mbili zamtosha. Na mwaka 1993 Kamaru akatangaza kwamba ameokoka, akageukia Injili. Nyimbo alizoziacha ndizo zilizomletea wateja! Wapenzi wake wengi walisikitika.

Sisi kanisani tulishangilia. Lakini kaseti yake ya Injili mimi niliinunua wapi? Sokoni, ile ya kunakiliwa, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Tukaisikiliza nyumbani, kisha tukaomba. Yule mjenzi wa mnara katika Luka 14 alipaswa kuhesabu gharama. Kamaru alilipa yake. Mimi nilitoa shilingi chache, wala hazikumfikia.

Alifariki mwaka 2018. Kaseti hiyo ningali nayo.