Kliniki iwafuate wazee

Tangu 2015, hospitali ya Malindi hutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, nao hurudi nyumbani siku hiyo hiyo bila kulazwa. Ni hatua kubwa kwa Pwani. Lakini dawa hiyo, hasa mwanzoni, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kutoka kijiji cha Kuruwitu hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 70. Kwa mzee mwenye magoti mabovu na asiye na nauli, huduma hiyo ni kama haipo. Tena wazee wengi shida yao si heroini: ni pombe ya mnazi, huzuni ya kufiwa, au ugonjwa wa kusahau. Huu wa mwisho, hapa Kilifi, ni suala la uhai. Mzee anayepotea njia usiku au kusema peke yake huitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa tuhuma hizo. Wengine wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma, Ganze.

Wapo watakaosema mzee hutunzwa na wanawe, na kwamba madaktari wa akili hawatoshi kufika kila kijiji. Kweli, hawatoshi. Ila Shirika la Afya Duniani limeandika mwongozo wa tiba ya maradhi ya akili kwa wauguzi na matabibu wasio mabingwa, na sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 inazipa kaunti jukumu la kutoa huduma hiyo. Na wana hao watamtunzaje mzazi kwa maradhi wasiyoyajua? Zahanati ikipima kumbukumbu siku ile ile inayopima presha, familia itajua mapema kwamba ni ugonjwa, kabla uvumi haujafika mlangoni.