Kompyuta Kuukuu na Mtandao Usiotumia Waya

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa kwenye mkutano wetu wa mwaka, Kigoma



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya sayansi na tekinolojia. Mada hiyo ni pana kama ziwa lililo mbele yetu, nami nimepewa nusu saa tu kabla ya migebuka kufika mezani. Kwa idhini yenu, basi, nitazungumza juu ya jambo moja dogo: namna ya kuifanya kompyuta mpakato ya zamani ishike intaneti isiyotumia waya, hiyo ambayo sote tunaiita Wi-Fi.

Naona wengine mnacheka. Lakini jambo hili dogo limelala katika kabati la maktaba yetu. Miaka kadhaa iliyopita Umoja huu ulikusanya kompyuta mpakato kumi na moja zilizokwisha kutumika, tukazileta hapa, picha zikapigwa. Leo mbili tu zinafanya kazi. Tisa zimebandikwa karatasi yenye neno moja: MBOVU. Jana alasiri Mwalimu wa maktaba aliniruhusu kuziwasha, na nane kati ya hizo tisa ziliwaka bila matata yoyote. Ubovu wake ni kwamba hazishiki mtandao.

Matokeo yake mnayajua. Kijana wa kidato cha nne anayetaka kubadili tahasusi kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI, au ndugu yake aliyemaliza kidato cha sita na anaomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hulazimika kushuka hadi Mwanga kumlipa mwenye duka la steshenari amjazie fomu. Humkabidhi jina, namba ya mtihani na nywila. Mwenye duka ana foleni ya watu, anaandika haraka. Herufi moja ya jina la baba ikikosewa, yule kijana atahangaika kwa wiki nyingi kuirekebisha, na dirisha la maombi halimngojei. Mambo hayo hupita mezani kwetu watumishi wa serikali kila mwaka. Fomu hiyohiyo angeweza kuijaza mwenyewe hapa maktaba, akaisoma mara tatu kabla ya kuituma.

Ndugu zangu, watu wa Kigoma hatuna haja ya kufundishwa kwamba mashine ya zamani si mashine iliyokufa. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapahapa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina tunalolijua. Katika miaka ya 1970 ikaondolewa mitambo ya mvuke, ikatiwa injini za dizeli. Wale mliokuja shule kutoka Kipili na Kasanga mlilala juu ya sitaha yake na mabegi yenu ya chuma. Hakuna aliyewauliza ina umri gani.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Ndani ya kompyuta mpakato mna kadi ndogo kama kipande cha biskuti. Kadi hiyo ni redio. Husikiliza na kusema. Mafundi wengi, wakiona hakuna mtandao, husema "bodi imeungua". Kwa kawaida bodi ikiungua mashine haiwaki kabisa. Mashine ikiwaka, ikafungua faili zako na kupiga muziki, basi mashaka yako yaelekee kwanza kwenye ile redio, na kabla ya kuilaumu redio tazama kama kuna mtu aliyeizima. Kompyuta nyingi za kati ya mwaka 2004 na 2012 zina kiswichi ubavuni au ukingoni mbele, kidogo kama ukucha, kilichowekwa ili abiria azime redio akiwa ndani ya ndege. Nyingine zina kitufe juu ya kibodi. Mashine ikitiwa begini, kiswichi husukumwa bila mtu kujua. Jana mbili kati ya zile nane zilipona kwa kusukuma kiswichi tu.

Redio ikiwa imewashwa lakini inasikia pale tu unapokaa karibu kabisa na ruta, tazama antena. Antena haiko kwenye kadi. Nyaya mbili nyembamba kama uzi, mara nyingi moja nyeusi na moja nyeupe, hutoka kwenye kadi, hupita katika bawaba na kupanda hadi kwenye fremu ya kioo. Fundi aliyefungua mashine kubadili kibodi akasahau kuzirudisha ameiziba masikio. Huchomekwa kwa kidole, taratibu.

Yapo matatizo yanayokaa kwenye ruta badala ya kompyuta, na hapa ndipo watu wanapopoteza fedha bure. Ruta za siku hizi hutangaza katika mawimbi ya gigahazi 2.4 na gigahazi 5. Mashine nyingi za zamani husikia yale ya 2.4 peke yake. Ruta ikiwekwa kwenye 5 tu, au simu ya mtu ikigawa intaneti kwa 5, ile mashine haioni kitu. Haioneshi kosa lolote. Inakaa kimya tu kana kwamba hakuna mtandao duniani. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta au ya simu na kuruhusu 2.4. Hamtapoteza sana, maana mawimbi ya 2.4 hupenya kuta nene kama hizi zetu vizuri kuliko yale ya 5, ingawa kasi yake ni ndogo.

Halafu kuna suala la chaneli, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Katika 2.4 sisi, kama nchi nyingi, tunatumia chaneli namba 1 hadi 13. Marekani hutumia 1 hadi 11. Kompyuta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ikaletwa kwetu katika shehena ya mitumba, mara nyingi imefungwa isisikilize zaidi ya 11. Jana mashine mbili ziliona simu zote zilizokuwa zikigawa intaneti pale maktaba, lakini mtandao wa shule hazikuuona, ingawa ruta yenyewe ilikuwa umbali wa hatua tano. Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule tukafungua ukurasa wa ruta, tukakuta imejichagulia chaneli 13. Tukaihamishia kwenye 6. Zikaiona zote mbili palepale. Hatukununua hata msumari.

Jambo jingine la ruta ni ulinzi. Ufunguo wa zamani kabisa, WEP, wataalamu walionesha tangu mwaka 2001 kwamba huvunjwa kwa urahisi. WPA2 ulikuja mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Ruta iliyopangwa ikubali WPA3 peke yake itaikataa kompyuta ya mwaka 2008 hata kama nywila ni sahihi. Ipangeni ikubali WPA2. Lakini msishuke mkafika WEP, wala msifungue mtandao wa shule nzima bila nywila kwa ajili ya kuihurumia mashine moja. Mashine inayojua WEP tu inunulieni kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB, kadi yake ya zamani iachwe ipumzike.

Vijana wengine wataniuliza, kwa nini tusibadili kadi ya ndani? Inawezekana, lakini jihadharini. Baadhi ya ThinkPad na HP za miaka ile zina orodha ya kadi zinazokubaliwa, na ukitia kadi isiyomo mashine hugoma kuwaka mpaka uitoe. Ndiyo maana napendelea kile kipokezi cha nje.

Sasa nije kwa dereva. Simsemi yule wa basi la Kasulu. Nasema ile programu inayoiongoza kadi, ambayo bila hiyo kompyuta haijui kama ina redio. Mtu akifuta mfumo wa zamani na kupandisha mpya, mara nyingi dereva hupotea. Hapo ndipo penye kichekesho: dereva anapatikana kwenye intaneti, na intaneti haipatikani bila dereva. Ni kama kutaka kuvuka kwa mtumbwi ulioko ng'ambo ya pili. Njia iko mfukoni mwenu. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, kisha katika mipangilio ya simu uruhusu kugawa intaneti kwa USB. Kwa kawaida kompyuta itaiona simu kama mtandao wa waya, wala haitahitaji ile kadi. Pakua dereva, chomoa simu, umemaliza. Ila mara tu baada ya kuchomeka iambieni kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, la sivyo Windows itaanza kujisasisha na bando la mwezi litakwisha kabla hamjanywa chai.

Mtu atakayetumia Linux, nami ndiyo ninayoipendekeza, atakuta kazi imepungua. Kadi nyingi za Intel na za Atheros hutambuliwa zenyewe, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 vipande vya programu vinavyohitajiwa na kadi nyingi vimetiwa ndani ya diski ya kupandishia. Kadi za zamani za Broadcom ndizo kaidi; hizo bado zitawataka ile njia ya simu. Angalieni pia kama mashine ni ya biti 32, maana Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haitoi tena diski ya kupandisha kwenye mashine hizo. Kwa hizo chukueni Debian 12, au antiX ambayo imeundwa kwa ajili ya mashine dhaifu.

Kwa nini nisiwaache na Windows XP mliyoizoea? Kwa sababu Microsoft waliacha kuitengeneza tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Tundu linalogunduliwa leo katika XP halitazibwa na mtu. Kumpa kijana mashine hiyo aandikie nywila ya maombi ya mkopo ni sawa na kumrudisha kwa yule mwenye duka la steshenari.

Kuna ugonjwa mmoja wa mwisho ambao huwachanganya hata mafundi wazuri. Kompyuta imeshika Wi-Fi, alama zote zimejaa, lakini kila ukurasa unakataa kufunguka, inadai tovuti si salama. Tazameni saa. Ndani ya mashine mna betri ndogo ya duara, mara nyingi ile iitwayo CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Kwetu Kigoma, tulioishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, mashine zimezimika ghafla mara nyingi, na betri hizo zimechoka. Ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka 2005. Sasa kila tovuti salama hubeba hati yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine iliyoko mwaka 2005 ikioneshwa hati ya mwaka huu husema hati hii bado haijaanza kutumika, na inaikataa. Haina kosa, inafuata kanuni. Rekebisheni tarehe, kurasa zitafunguka. Kisha nunueni betri, ambayo bei yake haifiki sahani ya wali na maharage. Jana mashine moja ilikuwa na ugonjwa huo tu.

Kinyume chake pia hutokea: saa ni sahihi, lakini hati mama zilizohifadhiwa ndani ya mashine zimepitwa. Tarehe 30 Septemba 2021 hati mama moja iliyotegemewa na tovuti nyingi ilikwisha muda, na kompyuta nyingi za zamani zikaanza kukataa kurasa ambazo jana yake zilifunguka. Kivinjari cha Firefox hubeba hati zake chenyewe, kwa hiyo kukipandisha Firefox kipya mara nyingi hutosha.

Kwa hesabu hiyo, Ndugu Mwenyekiti, mashine tano kati ya nane zilikuwa kwenye mtandao kabla ya magharibi. Tatu bado: mbili zina Broadcom, na moja sijaijua. Ile ya tisa isiyowaka nashauri tuivunje tupate kumbukumbu na kioo chake.

Najua katika ajenda ya mchana lipo pendekezo la kununua kompyuta mbili mpya. Naomba mkutano ulifikirie upya. Kwa sehemu ya fedha hizo tungepata betri, vipokezi vya USB, kumbukumbu za kuongeza na diski za kisasa zisizozunguka kwa mashine zote kumi. Zaidi ya hayo, Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na maofisi mengi yatakuwa yakiondoa kompyuta nzuri tu. Wenzangu mlioko serikalini, fuateni taratibu za uondoshaji wa mali ya umma, na diski zifutwe kwanza. Shule haihitaji majalada ya ofisi ya mtu. Lakini zikiondolewa kihalali, barabara ya Kigoma inajulikana.

Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa maktaba na zile mashine tatu zilizobaki. Nahitaji wanafunzi sita, wasichana na wavulana, wasioogopa bisibisi, na mmoja mwenye simu ya Android na waya wake. Mzee yeyote mwenye kompyuta aliyoambiwa imeungua bodi na ailete, pamoja na chaja yake.