Mteja Aliyeondoka Bila Kugomba

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vinavyoendesha hoteli, au vinavyofikiria kufungua)



Tumeombwa tuzungumze juu ya hoteli. Hatusemi hoteli za kulala watalii. Tunasema hoteli zetu za sokoni na za kituo cha magari: chai na mandazi, chapati, ndengu, ugali na sukuma wiki, na nyama siku ya soko. Vikundi vingi hupenda kufungua hoteli kwa sababu mtaji wake ni wa kadiri, na kila mtu hudhani anajua kupika. Halafu miezi inapita, mlango unafungwa, sufuria zinagawanywa, na wanachama hawasalimiani tena. Ukiuliza sababu utaambiwa, "Watu wa hapa hawana pesa."

Lakini ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha mabati, mama mmoja na jiko lake la makaa, na watu wamejaa mpaka wengine wanakunywa chai wakiwa wamesimama. Kwa hiyo pesa ziko. Zimevuka barabara tu.

Hilo ndilo jambo letu la leo. Mteja aliyehudumiwa vibaya mara nyingi hagombi. Analipa, anasema asante, anaondoka, na harudi tena. Kikundi hakijui hata kimempoteza.

MTEJA HUONA NINI

Sisi ambao kazi yetu ni kutembelea vikundi hula hotelini karibu kila siku. Siku moja ya soko tuliingia watu watatu katika hoteli ya kikundi fulani. Meza ilikuwa na makombo ya mteja aliyetangulia. Jagi la kunawia mikono halikuwa na maji. Wasichana wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakizungumza. Baada ya muda mmoja akaja akauliza, "Mnataka?" Tukaagiza ugali na nyama. Akasema iko.

Tulingoja karibu saa nzima. Waliokuja nyuma yetu walikula nyama wakaondoka, na baadaye tukajua walikuwa watu wa kamati. Tulipouliza tukaambiwa nyama imeisha, labda tuchukue maharagwe. Maharagwe yakaja yakiwa vuguvugu juu, baridi chini, na yameanza kuchacha. Tulipomwonyesha msichana alijibu, "Si mimi nilipika." Bili ikaletwa ya nyama. Ilipokwisha kusahihishwa, keshia hakuwa na chenji, akatuambia tupitie kesho.

Tukaomba kumwona msimamizi ili tumweleze. Tukaambiwa mwenyekiti ameenda mazishi. Mweka hazina yuko, lakini si siku yake. Yaani malalamiko yetu hayakuwa na mahali pa kwenda. Tulitoka nayo, na mteja akitoka nayo atayapeleka nyumbani, kwenye matatu na kwenye foleni ya posho mill. Huko kila mtu atayasikia isipokuwa ninyi.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Wengine wanasema, "Mteja mmoja ni nini?" Haya, tuhesabu pamoja. Tuseme fundi wa baiskeli hunywa chai na mandazi mawili kwenu kila asubuhi kwa shilingi 50, siku 6 kwa wiki. Hizo ni shilingi 300 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni shilingi 15,000. Sasa tuseme wameondoka watano wa namna hiyo kwa sababu ya kikombe kichafu na maneno makavu. Ni shilingi 75,000 kwa mwaka. Kila kikundi kifanye hesabu hiyo kwa bei ya kwake, kisha kilinganishe na mkopo kinaodaiwa. Ninyi mliochanga hisa kwa kuuza kuku na maziwa mnajua uzito wa pesa hizo.

KWA NINI HOTELI YA KIKUNDI HUUGUA

Mama wa kibanda hana elimu kuwashinda ninyi. Lakini ana mambo matatu ambayo vikundi vingi havina.

La kwanza, yeye ni mwenyewe. Chai ikiwa mbaya anajua ni yeye aliyeipika, na mteja anajua atamwambia nani. Katika hoteli ya kikundi wanachama 25 wote ni wenyewe, kwa hiyo hakuna mwenyewe. Leo zamu ni ya huyu, kesho ya yule, na kila mmoja anatia majani ya chai kwa kipimo chake. Wapishi wengi huharibu mchuzi.

La pili, na hapa mtatuvumilia, mteja mbaya kuliko wote mara nyingi ni mwanachama. Anaingia saa ya watu wengi, anakaa meza ya mbele, anataka kipande kinono, halafu anasema, "Andika kwenye daftari." Msichana anayehudumu hawezi kumkataza, kwa maana huyo ndiye aliyemwandika kazi. Mteja wa pesa taslimu anakaa anangoja akiangalia. Mwisho wa mwezi daftari limejaa majina ya kamati na sanduku ni tupu. Kukopa harusi, kulipa matanga.

La tatu ni mhudumu mwenyewe. Tunamlaumu kwamba hana tabasamu. Lakini tumewahi kumwuliza kama amelipwa? Tumekuta wasichana wanaofanya kazi kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili usiku, mshahara wa miezi miwili haujaonekana, na sahani ikivunjika wanakatwa. Kila mwanachama anapita akimtuma, na mmoja anampinga mwenzake. Mtu kama huyo hatakuwa na neno tamu kwa mgeni. Huduma mbaya tunayoiona mezani mara nyingi ilianza katika mkutano wa kamati.

CHAKULA KILICHOLALA

Kuna huduma mbaya ya kukasirisha, na kuna ile ya kuua. Maharagwe yaliyochacha ni ya aina hii ya pili.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mafundisho ya mambo matano juu ya chakula salama. Ni haya: usafi wa mikono na vyombo, kutenga chakula kibichi na kilichopikwa, kupika mpaka kiive kabisa, kuweka chakula katika joto au baridi inayofaa, na kutumia maji na vyakula salama. Tukiyatazama, yote yanawezekana hata katika kibanda.

Lile la nne ndilo linaloshinda wengi. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili kikiwa vuguvugu. Kiwe moto sana, zaidi ya nyuzi 60, au kiwe kwenye friji chini ya nyuzi 5. Hapo katikati vijidudu huongezeka upesi. Wengine wanasema, "Tutachemsha tena kesho." Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini sumu ambazo baadhi ya vijidudu huacha katika chakula haziondoki kwa kuchemsha. Kama hamna friji, dawa ni kupika kidogo kidogo: sufuria moja ya mchana na nyingine ya jioni. Ni afadhali kumwambia mteja "imeisha" kabla hajakaa kuliko kumpa cha jana.

Wala tusidhani haya ni mambo ya vibanda tu. Mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliohudhuria mikutano katika hoteli kubwa jijini Nairobi. Vitambaa vyeupe mezani havikuwasaidia.

SHERIA INASEMAJE

Tukumbuke pia ya kwamba mteja si mwombaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupata habari anazohitaji, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Mwaka 2012 ilitungwa pia sheria ya kumlinda mtumiaji. Kwa hiyo bei zikiandikwa ukutani si mapambo. Ni haki ya mteja kujua atalipa ngapi kabla hajala.

Kwa upande wa afya, kila anayeshika chakula anatakiwa kupimwa na kuwa na cheti, na kupimwa tena kila baada ya miezi sita. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, leseni ya biashara hupatikana huko, na afisa wa afya ya umma ni wa kaunti. Msimkimbie anapokuja. Mwalikeni kabla hajaja, mwulizeni ni nini kinachofaa kurekebishwa.

TUFANYE NINI

1. Mchagueni msimamizi mmoja, alipwe, na apewe uwezo wa kuamua. Kamati ipokee hesabu kila wiki, lakini isiingie jikoni kutoa amri.

2. Mwanachama akiingia hotelini ni mteja. Alipe kama wengine na angoje zamu yake. Andikeni hivyo katika katiba ya kikundi.

3. Mlipeni mhudumu siku iliyowekwa. Mfundisheni mambo machache: asalimie, apanguse meza mbele ya mteja, alete maji ya kunawa na sabuni, arudie agizo kwa sauti, na aseme ukweli juu ya chakula kilichopo na muda kitakachochukua.

4. Wekeni kipimo kimoja. Majani, sukari na maziwa vipimwe kwa kikombe kile kile, ili chai ya Jumatatu ifanane na ya Ijumaa.

5. Anzeni siku na chenji sandukuni. Siku hizi wengi hulipa kwa M-Pesa, basi nambari iandikwe pakubwa, nayo iwe ya kikundi, isiwe ya simu ya mtu binafsi.

6. Yapeni malalamiko mahali pa kwenda. Jina la msimamizi liandikwe ukutani. Mteja akilalamika, jibu la kwanza ni "pole," la pili ni kumbadilishia chakula au kumrudishia pesa zake. Kuuliza ni nani aliyepika kungoje jioni. Biashara haigombi. Kila lalamiko liandikwe katika daftari, lisomwe katika mkutano wa wiki. Daftari hilo ni la thamani kuliko lile la madeni.

NA SISI TUNAOKULA

Neno la mwisho ni kwa sisi sote tunapokuwa wateja. Kunyamaza halafu kwenda kuisema hoteli sokoni si msaada. Mwite msimamizi kando, mwambie kwa heshima: chakula hiki kimeharibika, nimengoja muda fulani, bili hii si yangu. Usimtukane msichana, kwa maana mara nyingi yeye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote pale ndani. Na kama umehudumiwa vizuri, sema pia. Mama yule wa kibanda hujua majina ya wateja wake kwa sababu wao nao humwambia, "Leo chai imekolea."

Tafadhali kaeni katika makundi ya watu watano au sita, mjadili maswali haya kabla ya chakula cha mchana.

Maswali ya kujadili

1. Katika mwezi uliopita, ni wateja gani waliokuwa wakija kwenu na sasa hawaji? Ni nani aliyewauliza sababu?

2. Mteja akitaka kulalamika leo katika hoteli yenu, atamwambia nani?

3. Wanachama wenyewe wanadaiwa shilingi ngapi na hoteli? Watalipa lini?

4. Mhudumu wenu alilipwa mara ya mwisho tarehe gani?

5. Chagueni jambo moja ambalo mtabadilisha kabla ya siku ya soko ijayo. Ni nani atakayelisimamia?