Sanduku Lisilo na Kufuli

Somo letu latoka Mwanzo, sura ya 26, aya ya 12 hadi 22.

Kuna mchezo mmoja ulioenea duniani, wa kuficha masanduku madogo mbali na macho ya wapita njia, ili watu wasiojuana wayatafute. Wenyewe huuita jiokashingi. Ulianza Marekani, katika jimbo la Oregon, tarehe 3 Mei 2000. Siku moja kabla yake, serikali ya nchi hiyo ilikuwa imeacha kupotosha kwa makusudi ishara za setilaiti zinazomwonyesha mtu mahali alipo. Basi Bwana Dave Ulmer akataka kujaribu usahihi wake. Akaficha ndoo porini, akatia ndani daftari, kalamu ya risasi na vitu vidogo vidogo, kisha akatangaza vipimo vya mahali pale. Baada ya siku chache ikapatikana. Leo masanduku ya namna hiyo yamepita milioni tatu, na hata hapa Kenya yapo.

Wako wapendao kuyaficha jangwani. Anayekwenda huko hubeba maji zaidi ya kiu yake, na kabla ya kuondoka humwambia mtu njia atakayopita na saa atakayorudi. Chombo mkononi mwake hupokea ishara za setilaiti zilizo juu yapata kilomita 20,000. Chombo hicho humfikisha karibu, lakini hakimwekei mkono juu ya sanduku. Zikibaki hatua chache, hana budi kuinama na kuchungulia kati ya mawe kwa macho yake mwenyewe.

Akilipata, halina kufuli. Kanuni zake ni chache: andika jina lako daftarini, ukichukua kitu, acha kingine chenye thamani ileile au zaidi, kisha rudisha sanduku palepale ulipolikuta. Jangwani hakuna askari wa kukuona. Mtu mmoja mwenye choyo akichukua vyote na kwenda zake, hakuna atakayemshika. Lakini kesho atakuja mwingine, ametembea juani tangu asubuhi, naye atakuta mawe matupu.

Ndugu zangu, Isaka naye alitafuta kilichofichika katika nchi kavu. Baba yake Ibrahimu alikuwa amechimba visima, na alipokufa Wafilisti wakavifukia kwa udongo. Isaka akaja bonde la Gerari na mifugo na watumwa, wote wakihitaji maji. Hakuwa na setilaiti. Alivifukua visima vya baba yake, akaviita kwa majina yaleyale aliyoviita baba yake. Wala hakuishia hapo. Akachimba vingine. Viwili vikagombaniwa, akaviacha, akasogea, akachimba cha tatu, na hapo akapata nafasi.

Sisi wa mjini tumezoea maji ya bomba, au ya mkokoteni bomba likikauka. Lakini ndugu zetu Waborana, katika Marsabit na ng'ambo ya mpaka huko Ethiopia, wana visima virefu sana. Vijana husimama mmoja juu ya mwingine tangu chini hadi juu, wakipokezana ndoo huku wakiimba, mpaka maji yafike kwenye birika la mifugo. Yule wa chini kabisa hamwoni ng'ombe anayekunywa. Hata hivyo huinua ndoo.

Kijana mmoja wa mtaa wetu aliniuliza hivi: "Mchungaji, wazee walipata nyumba za baraza la jiji pale Kaloleni na Jericho. Walipata kazi za reli. Walikuwa na viwanja vya kuchezea. Sisi mmetuachia nini?" Sikuona ufidhuli katika swali hilo. Niliona mtu aliyetembea mbali na kukuta mawe matupu, naye yu karibu kugeuka na kuondoka, kanisani na pengine hata katika maisha yenyewe.

Wewe uliye na umri, umeacha nini ndani ya sanduku? Fundi wa Gikomba, je, yuko mtoto wa jirani anayejifunza kushika msasa na randa zako, au ujuzi wako utazikwa nawe? Mwalimu uliyestaafu, Jumamosi alasiri unafanya nini? Mzee wa kanisa, je, utaacha vitabu vya hesabu vilivyo safi, au kesi mahakamani? Ugomvi wetu ndio udongo tunaofukia visima vya watoto wetu.

Nawe kijana, usiondoke upesi. Kuna mengi yaliyofichika hatua chache tu kutoka mlangoni pako. Uliza majina, kama Isaka alivyoyajua. Nenda kwa yule bibi anayeuza mboga karibu na lango, umwulize alivyosali mwaka ule mume wake alipofariki na watoto wangali wadogo. Huenda ukakuta maji. Ukishakunywa, andika jina lako na uache kitu, kwa maana nyuma yako pia yuko mtu anayekuja.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetunywesha katika visima tusivyovichimba, utuondolee choyo. Utupe mikono ya kuinua ndoo, hata kama hatutamwona atakayekunywa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.