Kisukari na Figo: Tusingoje Miguu Ivimbe



Mkiwa ni njia panda: barabara moja yaelekea Singida, nyingine Dodoma, ya tatu Itigi. Msafiri akipotea hapa, hugeuza akarudi. Mgonjwa wa kisukari aliyechelewa kuzitunza figo zake hana pa kugeuzia, kwani figo iliyokwisha kuharibika hairudii hali yake ya awali.

Tuna la kuungama. Jirani yetu mwenye kisukari alipovimba miguu, tulimwambia ni uchovu wa kusimama dukani, tukampa vidonge vya maumivu. Hatukujua kwamba dawa kama diklofenaki huweza kuziumiza figo zaidi. Alipofikishwa kwa daktari bingwa, alihitaji kusafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa juma.

Figo huugua kimya. Sukari nyingi na shinikizo kubwa la damu huharibu vichujio vyake vidogo, protini ikavuja katika mkojo miaka kadhaa kabla mwili haujavimba. Kwa hiyo mwenye kisukari na apimwe kila mwaka, hata akijiona mzima: mkojo kwa ajili ya protini, na damu kwa ajili ya kreatinini. Kasoro ikionekana mapema, zipo dawa za kupunguza kasi ya ugonjwa. Daktari akisema uwezo wa figo kuchuja umeshuka chini ya 30, au unaporomoka upesi, ombeni rufaa kwa bingwa wa figo siku hiyo hiyo.

Zamani ndugu zetu waliohitaji kupandikizwa figo walipelekwa India. Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini, ikishirikiana na madaktari kutoka India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Hivyo msaada u mwisho wa barabara yetu wenyewe. Lakini figo mpya yataka mtu wa kuitoa, na dawa za maisha yote. Kupima mkojo kwataka kikopo na asubuhi moja.

Basi katika maadhimisho haya, tunapogawiana vitamu vya sikukuu, tuulizane bila haya: je, mwaka huu umepima? Jirani yetu hakuulizwa. Wewe tunakuuliza.